Vitambaa Saba vya Karanga

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa bakuli la ndagala. Lilikuwa bakuli la plastiki la kijani, kifuniko chake hakishiki vizuri, na ndani yake ndagala, dagaa wa huku kwetu, zilizochemshwa bila chumvi, bado za moto. Aliyelileta ni Aline, msusi wa nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Gitega, na hakuniletea mimi. Alisimama mlangoni, akachungulia uani alikolala Pamba, mbwa wetu mdogo mweupe, akasema, "Hii iko ya mama wa mtoto wangu."

"Mtoto gani tena, Aline?"

"Ule atamzaa. Mi nataka jike. Andika jina yangu ya kwanza, chérie, usinifanyie mchezo."

"Hata mimba hana."

"Atakuwa nayo. Kwetu Muyinga mtoto wa mbwa haombwi na mikono mitupu. We si ulikulia kule? Unajua."

Nilijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Pamba alitufikia bila sisi kumtafuta. Mama mdogo, ninayeishi kwake tangu nimalize chuo, alikuwa akifua nguo kwa mgeni mmoja aliyerudi kwao, na mgeni huyo alimwachia pasi, mapazia mawili na mbwa. Hapa mtaani mbwa wengi ni warefu, wa rangi ya udongo, wanaojitafutia. Pamba anaingia kwenye kikapu cha sokoni. Watoto husimama getini kumwangalia, na watu wazima hujifanya wanawaita watoto ili nao wamwangalie. Papa Riziki, Mkongo wa Uvira anayeuza viatu sokoni, ana dume dogo la aina hiyohiyo, jina lake Bosi. Alipomwona Pamba kwa mara ya kwanza alipiga makofi.

"Mi niko na dume, we uko na jike. Iko nini ya kufikiri? Mbwa haisomi université ndiyo izae."

Pamba alikuwa ameingia joto la kutaka dume. Papa Riziki alihesabu siku kwa vidole akasema nimpeleke kwake Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Nilichukua daftari lenye nakala za barua zangu za kuomba kazi, nikaligeuza nyuma na kuandika maswali. Je, mwaka mmoja na nusu unatosha, au bado ni mtoto? Je, nyonga zake zina nafasi? Mama yake alizaaje, na nani anajua? Bosi amechanjwa kichaa cha mbwa, au Papa Riziki anasema tu? Akizaa watatu na walioomba mtaani tayari ni watano, nitamnyima nani? Akizaa majike matupu, na hao majike nao wakazaa? Akishindwa kuzaa, nitampeleka kwa nani? Nikifika mwisho nilirudi mwanzo. Mimi ni mtu ambaye huisoma barua moja mara kumi kabla ya kuituma, na nyingine sijazituma mpaka leo, kwa hiyo sikuweza hata kuyaamini maswali yangu. Sikujua kama ni akili au ni woga tu. Vinafanana sana ukivitazama ukiwa umelala chali.

Harufu ya ndagala ilikuwa imeshika vidoleni, sabuni haikuitoa. Kila nilipopeleka mkono usoni, sikuwa tena Gitega. Nilikuwa Gasorwe, huko Muyinga, kwenye ua wa Bibi, nimepiga magoti mbele ya mbwa mwingine.

Mimi na Bibi tulirudi kutoka Tanzania nikiwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Nilizaliwa huko, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa hiyo wengine walipokuwa wanarudi, mimi nilikuwa naenda. Kwenye lori tuliruhusiwa vyombo, magodoro na kuku. Mbwa hawakuruhusiwa. Bibi alimlaza mbwa wetu Karanga ndani ya sufuria kubwa la pombe, akamfunika kwa vitenge, akakalia mfuniko. Aliyekuwa anakagua mizigo aligonga sufuria kwa kalamu, na Karanga akabweka mara moja. Bibi akakohoa. Akaendelea kukohoa njia nzima mpaka Gasorwe, ili ionekane ni ugonjwa wake, na wanawake wa lori lile wakampa pole na maji ya kunywa.

Karanga alikuwa wa rangi ya jina lake, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja kama sikio la kikombe. Hakufika gotini kwangu. Alinuka moshi na maharage, kama sisi sote.

Kilimani, maana huku kilima ndicho kijiji, walitupokea vizuri, yaani walitusalimia vizuri njiani. Tukipita waliuliza habari za safari, hata baada ya miezi. Lakini uani kwetu hakuingia mtu. Kirundi chetu kilikuwa na Kiswahili ndani, na watoto kisimani waliniita Mtanzania. "We Mtanzania, sema tena hilo neno!" Nikilisema, walikunja matumbo kwa kucheka. Nikaona ni afadhali kunyamaza, nikawa mtoto wa kwenda na kurudi kisimani bila kufungua mdomo.

Bibi alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa. Jumapili baada ya misa alifagia ua mpaka ukawa na mistari kama kitambaa, akatoa viti viwili vya miguu mifupi, akaviweka ukutani penye kivuli. Kimoja alikikalia. Cha pili kilibaki hivyohivyo mpaka jua linazama, kisha akavirudisha vyote ndani. Mimi niliamini kile cha pili kilikuwa cha kuwekea ungo, na kwamba kila Jumapili Bibi alisahau ungo. Mara moja nilimletea. Aliupokea, akauweka kwenye kiti, akasema, "Asante, mjukuu wangu. Umenisaidia."

Karanga alishika mimba bila ya sisi kukusudia. Mzee Severini wa ng'ambo ya migomba alikuwa na mbwa wa kuwindia, dume refu lililovalishwa shingoni kengele ya mti. Asubuhi moja niliisikia ile kengele, kotokoto, kotokoto, nyuma ya jiko letu, kisha ikanyamaza. Nilipofika niliwakuta wameunganika, wamegeukiana migongo, kila mmoja anataka kwenda kwake. Nilidhani ni ugomvi. Nilidhani pia kwamba kengele ya Mzee Severini ilikuwa na kamba iliyomnasa mbwa wetu, nikawamwagia ndoo nzima ya maji niliyotoka kuteka. Bibi alitoka, akaona, akashika kiuno.

"Umemwaga maji bure," alisema. "Na haya hayamwagiki tena."

Habari ya mimba ya Karanga ilitoka kwetu ikazunguka kilima, sijui nani aliibeba. Siku moja Mama Goreti, jirani wa juu kidogo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia uani kwetu. Aliingia kabisa, akavuka pale fagio la Bibi linapoishia. Mkononi alikuwa na kipande cha sufuria chenye ugali na ndagala zilizochemshwa bila chumvi.

"Nimekuja kumlisha mama," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoijua desturi ya kilima chetu. Anayetaka mtoto wa mbwa hamwombi tu. Humlisha mama yake angali na mimba. Chakula chako kikimfikia mtoto akiwa bado tumboni, siku utakayombeba hatalia usiku kurudi kwao, maana kwako pia ni kwao. Mama Goreti alikaa kwenye kile kiti cha pili kumsubiri Karanga amalize kula. Nilitaka kumwambia kwamba kiti ni cha ungo. Bibi alinikonyeza ninyamaze.

Keshoye alikuja mtoto wa Mama Goreti na bakuli, akifuatana na rafiki yake, naye ana bakuli. Baada ya wiki walikuwa wanne, kisha watano. Wale wale walionicheka kisimani sasa walinijia kwa upole.

"Kuna wangapi ndani?" waliniuliza.

Nililaza sikio langu kwenye tumbo la Karanga, nikafumba macho. Nilisikia mengi humo, maji, ngurumo, ndagala zikishuka. "Watano," nilisema.

Siku iliyofuata alikuja wa sita. Nililaza sikio tena. "Sita," nilisema, na sikuwa nasema uongo. Niliusikia moyo wa sita. Alipokuja wa saba, binti wa Mzee Severini mwenyewe, niliusikia wa saba waziwazi kuliko wote. Nilichana sketi yangu ya zamani nikapata vitambaa saba, kila kitambaa cha nyumba moja, nikavipanga ndani ya boksi la sabuni. Mtoto wa kwa Mama Goreti angelala kwenye kile chenye pindo.

Karanga alikula asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyetaka chakula cha mwenzake kitangulie cha kwake, kwa hiyo kila bakuli lililetwa limejaa na lilirudi tupu. Aliacha kutukimbilia. Alianza kutembea kama mtu aliyebeba mtungi. Shingo yake ilipotea, mgongo ukapanuka ukawa kama meza, na mimi nilijivuna, maana niliona watoto wangu saba wanakua. Siku moja Bibi alimshika mbavuni, akabonyeza kwa vidole, uso ukabadilika.

"Huyu anakula sana," alisema polepole.

Mara tukasikia sauti ya Mama Goreti njiani, "Yemwe, wenyewe mpo?" Bibi aliacha mbavu za Karanga, akachukua pembe ya kitenge chake, akafuta kiti.

Miezi ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyoishi Gasorwe. Ua wetu ulikuwa na nyayo. Watoto walinifundisha maneno ya Kirundi niliyoyakosea, na mimi nikawafundisha nyimbo za kuruka kamba za kambini. Wanawake walikaa na Bibi wakichambua maharage, wakamuuliza habari za Tanzania kama mtu anavyouliza habari za mtu aliyefariki, kwa sauti ya chini. Bibi alicheka mpaka akatoa machozi. Jioni harufu ya ndagala ilibaki imetanda uani, na kwangu ikawa ndiyo harufu ya kuwa na watu.

Karanga alianza uchungu alfajiri moja ya mvua. Nilileta boksi langu, nikakaa nalo karibu na jiko. Saa zikapita. Alilamba, alihema, alisimama, alijilaza. Mchana alianza kulia kwa sauti ambayo sikujua mbwa anayo, nyembamba, kama mlango. Bibi alimwita Mama Goreti, na Mama Goreti akamtuma mtu kumwita Mzee Severini, ambaye alikuja akinawa mikono kwa mvua. Alipaka mafuta ya mawese vidoleni. Mama Goreti alimshika Karanga kichwa, akimsemesha kama anavyosemeshwa mzazi: "Himili, mama, himili, ni kidogo tu."

Alitoka mmoja. Alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye kichwa cha babaye, hafanani kabisa na tumbo alilotoka. Mzee Severini alimsugua kwa majani makavu mpaka akapiga chafya. Nikampokea, nikamlaza kwenye kitambaa chenye pindo, nikasogeza boksi tayari kwa wa pili.

Karanga alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na baada ya muda Mzee Severini alinyanyuka, akavua kofia. Mama Goreti alisema, "Eh, Mungu wangu." Walitoka nje mmoja mmoja. Mimi nilibaki. Nilikuwa na vitambaa sita vitupu na niliwasubiri sita waliobaki. Nililaza sikio kwenye tumbo lake, ambalo bado lilikuwa la joto na bado lilikuwa kubwa. Nilisubiri mpaka jiko likapoa. Bibi aliporudi kunichukua nilimwambia anyamaze, atawatisha.

"Hakuna wengine, mjukuu wangu," alisema. "Yalikuwa mafuta."

Siku ya tatu baada ya kumzika, Bibi alivaa kitenge chake cha misa, akaniosha uso, akasema tunakwenda kwa wenyewe. Nilimbeba yule mtoto kifuani ndani ya sweta. Tulikuwa tunamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kona ya kitambaa. Bibi alisema kwamba katika kila nyumba nitasema mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyehesabu. Maneno alinifundisha njiani: "Alizaliwa mmoja. Mama yake amekufa. Niliwaambia saba, na sikuwa najua."

Nyumba ya kwanza niliyasema nikiangalia miguu ya watu. Mwenye nyumba alicheka, cheko la mshangao. "Jamani! Nimelisha huyo mbwa kuliko nilivyomlisha mume wangu, na mume bado yupo!" Nyumba ya pili mtoto alilia, akavingirika chini. Nyumba ya tatu kijana mmoja alisema, "Watanzania waongo," na mama yake akampiga kibao kidogo cha mdomoni, lakini hakumkanusha. Tulikunywa maji tuliyopewa, tukaendelea. Kati ya nyumba na nyumba Bibi alitangulia. Nilihisi mtoto wa mbwa akinyonya kifungo cha sweta yangu. Niliamini kabisa kwamba baada ya siku ile hakuna atakayevuka tena mstari wa fagio, na kwamba ni mimi niliyewafukuza, kwa sikio langu.

Kwa Mama Goreti tulifika mwisho. Alinisikiliza, ingawa alikuwepo na alijua yote. Kisha akauliza, "Na huyo mmoja? Ni wa nani?"

Bibi alinigeukia. Mimi sikufundishwa jibu la swali hilo. Nilisema lililokuja. "Alikula kwenu nyote."

Mama Goreti alinitoa yule mtoto kwenye sweta, akamgeuza tumbo, akamkagua kama anayenunua. "Basi kama alikula kwetu sote, aendelee," alisema. "Alale kwenu. Siku ya soko atakula hapa. Wengine watajipanga. Nani ataweza kumfukuza? Chakula cha kila mmoja wetu kilishaingia tumboni mwake."

Tulimwita Saba. Alikua mrefu na mjinga, akawa na zamu yake. Aliijua siku ya kila nyumba kuliko sisi. Alipochelewa kurudi, mtu alimsindikiza, na aliyemsindikiza alikaa kidogo. Kiti cha pili hakikurudishwa tena ndani bila kukaliwa. Hata hivyo, kwa miaka yote iliyofuata sikula ndagala. Nilisema hazinipendi tumboni. Ukweli ni kwamba niliamini nilimuua Karanga kwa kumlisha, mimi na hesabu zangu.

Sasa Jumanne ilikuwa imefika, na siku mbili baadaye Bosi angekuwa anasubiri na jina lake kubwa. Nilimtia Pamba kwenye kikapu nikampeleka kwa veterineri, mzee mtaratibu aliyekuwa ametoka Nyarusange kutibu ng'ombe, buti zake bado na tope. Alimpapasa kwa muda mrefu. Nilifungua daftari nikamsomea maswali, na alinisikiliza mpaka swali la mwisho bila kunicheka, jambo lililonitisha kidogo.

"Mwanangu," alisema, "hapa nyonga ni nyembamba. Sisemi atashindwa. Nasema ni nyembamba. Mbwa wadogo hawa mara nyingi hubeba mmoja au wawili, na akiwa mmoja hunenepa peke yake humo ndani, na mlango ni uleule. Ikibidi kupasuliwa, mpasuaji ni mimi. Na siku hiyo naweza kuwa Mutoyi na ng'ombe anayezaa. Utanipigia simu, nitakuambia nakuja, na nitakuwa nasema kweli, lakini njia ni ndefu."

"Kwa hiyo nisimpandishe?"

"Wengine wanapandisha na wanapata watoto wazuri. Mimi nakuuliza wewe. Unataka watoto wa mbwa kwa ajili ya nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye daftari. Nilirudi nalo nyumbani, nikashindwa kulijibu, na Jumatano asubuhi nikampigia Bibi.

Bibi sasa ni mzee, huongea na simu kwa kuiweka mbele ya mdomo na kupiga kelele. Nilimweleza yote, Bosi, bakuli la Aline, nyonga. Nikamwambia kwamba naogopa kwa sababu ya Karanga, kwamba najua ni mimi niliyewadanganya watu, wakamlisha mpaka akafa.

Upande wa pili jogoo aliwika mara mbili.

"Wewe ulikuwa na meno mangapi wakati ule?" Bibi aliuliza.

"Bibi, ni zamani hiyo."

"Hukuwa hata na meno. Sikiliza. Mimi nilizalisha mbuzi toka nikiwa msichana. Nilimshika yule mbwa mbavuni nikajua. Nilijua ni mafuta, na nilijua baba wa mtoto ni mkubwa. Nilitakiwa kusema, jamani, basi, msilete tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeacha kuja."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayenitajia kilichopo jikoni. Kisha akaongeza, polepole, "Ulikuwa unanicheka kile kiti. Ukaniletea ungo."

"Sikuwa nakucheka, Bibi."

"Najua. Ndiyo maana nilikushukuru."

Simu ilipokatika nilikaa uani na Pamba miguuni. Nililitazama bakuli la kijani la Aline, nililoliosha na kulianika, nikajibu swali la veterineri. Tangu nimalize chuo, hakuna aliyewahi kugonga mlango wa Mama mdogo akiniuliza mimi. Barua zangu hazijibiwi. Rafiki zangu wana kazi au wana harusi. Lakini wiki ile watu walikuwa wameniita kwa jina langu, walinisubiri, waliniambia usinisahau. Nilitaka watoto wa mbwa kwa sababu nilitaka mlango ugongwe. Pamba ndiye angelipia kugongwa huko, kwa nyonga zake, na mimi ningesimama pembeni na boksi la vitambaa.

Sikufikiri tena. Najijua, ningeendelea kufikiri nisingekwenda. Nilijaza bakuli la Aline maharage ambayo Bibi alinitumia kutoka Gasorwe, kwa maana bakuli la mtu halirudi tupu, nikatoka mchana huohuo.

Aline alikuwa ana kichwa cha mtu magotini. Nilisema nikimtazama usoni: "Aline, hatazaa. Veterineri amemwona, ana nyonga nyembamba. Nisingetaka uendelee kuleta chakula wakati mimi najua."

Alisimamisha kitana. "Hata moja?"

"Hata mmoja."

"Bon," alisema, akavuta pumzi. "Mi nilishapata hata jina." Mteja wake akacheka, naye akamsukuma kichwa, "We tulia!" Kisha akafunua bakuli, akaona maharage, akanusa. "Haya iko ya Gasorwe? Kaa basi. Unasimama kama polisi."

Nilikaa kidogo. Kisha nikaenda sokoni, na huko haikuwa rahisi. Papa Riziki alikuwa ameshamwogesha Bosi kwa ajili ya Alhamisi. Aliweka chini kiatu alichokuwa anakipiga rangi.

"We dada, unaniharibia jina! Watu nimeshawaambia. Kusoma yote ile, ni kwa kuogopa mbwa kuzaa?"

"Naogopa, ndiyo," nilisema. "Lakini safari hii naogopa kitu ambacho kipo."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi nimekataa. Au nipeleke kwao, nitawaambia mwenyewe."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaokota kiatu. "Bosi amepaka hata mafuta," alisema kwa uchungu, na sikujua kama nicheke. Mpaka leo hanisalimii kama zamani, ananiita Mama Nyonga mbele ya wateja. Ninaitika.

Pamba tulimfungia ndani mpaka joto likaisha, na baada ya wiki ambazo veterineri alisema tungoje, nilimpeleka kufungwa kizazi. Mama mdogo alitaka kunisindikiza, nikamwambia nitaweza. Mlangoni veterineri aliuliza kama nimeleta kitu cha kumlazia akiamka, maana meza ni ya baridi.

Nilifungua mkoba. Nilikuwa nimechana kitenge changu cha zamani usiku uliotangulia, bila kuhesabu mara mbili. Nilimpa kitambaa kimoja.